Mita Arobaini

Boila jipya lilishuka stesheni ya Usoke Jumanne,
limepigiliwa mbao pande zote,
na kila mtu akaja kulishika: daktari, mpishi,
hata Nkingwa mlinzi, ambaye hashiki kitu mpaka akimulike kwanza.
La zamani tulilibwaga nyuma ya jiko,
tumbo limeoza kwa chumvi, mdomo mweusi
kwa miaka kumi na tisa ya kula miyombo.

Mhasibu Kapaya akafunga faili.
"Limefika, limelipiwa. Fundi Kalunde, unganisha."
Nikamwambia bado.
Kuna mwongozo, nikasema, ukurasa wa tisa:
anayebadilisha kichemshio
alivike na bomba lake,
milimita ishirini na tano za kihami,
viwiko pia, vali pia,
la sivyo mkaguzi hapigi muhuri.
"Bomba halijaharibika," akasema.
Na kweli halikuharibika.
Lilikuwa uchi tu.

Mita arobaini, toka jikoni hadi wodi ya wazazi,
limekatiza ua juu ya vigingi,
na usiku wa Julai huku kwetu ni mkavu,
baridi yake inapasua visigino.
Nilipima. Maji yanaondoka na nyuzi sitini,
yanafika na arobaini na moja.
Hizo kumi na tisa nani anazichukua?
Njoo usiku uone.
Nkingwa anaanika soksi kwenye kiwiko cha pili.
Paka wa jikoni, yule mwenye sikio nusu,
amejilaza juu ya bomba urefu wake wote,
miguu inaning'inia kama chui tawini.
Na nesi Nyanzala, alfajiri, anafungua koki, anangoja,
anamwaga ndoo ya kwanza, anamwaga ya pili,
mtoto keshazaliwa,
maji moto hayajapata habari.

Nikamwuliza Kapaya: kwenu Songambele mnakausha tumbaku?
"Tangu babu."
Ukuta wa bani ukipasuka unafanyaje?
"Nakanda udongo, naziba."
Huongezi kuni tu?
Akanyamaza.
Akalifungua faili.

Kihami kikaja, vipande vya mita mbili,
vyeusi, vyepesi, laini kama mkate,
vimechanwa ubavu mmoja juu hadi chini.
Nilipoinua cha kwanza
mikono ikajua kabla yangu.
Baba alikuwa mrina asali. Mvua zikianza,
gome la mtundu likilegea,
alilichana hivyo hivyo, ubavu mmoja,
akalibandua zima, akalikunja tena kuwa duara,
akalishona kwa vijiti.
Nami nilishika upande wa pili, nikibana,
naye akipitisha kidole kwenye mshono:
"Hapa siafu anapita. Rudia."
Sikuupenda mzinga hata mmoja.

Siku tatu nilivika.
Viwiko nilivikata mshazari, nikagundisha,
nikapitisha kidole kwenye kila mshono.
Miwili nilirudia.

Mkaguzi akaja toka Tabora mjini, kijana, viatu safi.
Akaweka kiganja juu ya bomba, akangoja,
hakusikia kitu,
na kutosikia kitu kukampendeza.
Akapiga muhuri.
Wodini sasa: nyuzi hamsini na saba.
Ndoo ya kwanza.

Usiku ule paka alipanda, akakanyagakanyaga,
akazunguka mara tatu,
akanitazama kama mpangaji
aliyekuta kufuli limebadilishwa.
Nkingwa naye kasimama, soksi mkononi:
"Umetuzimia moto, mama."
Sikuwa na jibu.
Mwongozo hauna ukurasa wa soksi.

Mabaki niliyaacha kwenye boksi, mlangoni pa jiko.
Asubuhi boksi lilikuwa na paka.
Na Nkingwa alikuwa anafungua geti taratibu,
gambuti zake kazijaza vile vipande vya mshazari,
anatembea kama mtu
aliyeazimwa miguu.